Gari Lenye Mapezi

Nimechoka. Mtu aliyechoka husimulia ovyo, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi nachomelea mabomba ya moshi ya magari gerejini. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa anapiga rangi gereji hiyohiyo. Sote tulikuwa na kikohozi kimoja na ugonjwa mmoja: magari ya zamani. Wenzetu wakitoka kazini wanaongelea mpira, sisi tunabishana njia nzima.

"Asubuhi nimeliona lenye milango inayofunguka kinyume."

"Hilo uliliona usingizini, shemeji."

Tulikuwa na sheria yetu. Anayewahi kuliona gari adimu anaweka mkono kwenye boneti na kusema, "Langu hilo." Basi, ni lake mpaka lipatikane lingine. Utoto mtupu, najua. Lakini hata sisi hohehahe tulitaka kumiliki kitu.

Jioni ile dada alitutuma dawa ya mtoto. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Kwenye kona ya duka la dawa... tukaliona.

Refu. Jeupe kama maziwa. Nyuma lina mapezi kama ya samaki, na bampa zinang'aa bila doa la kutu. Injini ilikuwa inanguruma polepole, lakini bomba halikutoa moshi. Hilo nililiona mara moja, ndiyo kazi yangu. Nikafungua mdomo nimwambie shemeji. Mkono wake ulishafika.

"Langu hilo!"

Injini ikanyamaza.

Ikatoka harufu... udongo uliofukuliwa sasa hivi.

"Boneti ya baridi," shemeji akanong'ona. "Baridi kabisa..."

Kioo kikashuka. Ndani alikaa mzee, macho mekundu kama hajalala miaka.

"Lako?"

Shemeji akacheka kwa adabu. "Langu, mzee."

"Ahsante, mwanangu. Nimechoka."

Akashuka. Akapiga hatua chache, na pale alipokuwa likabaki koti tu, chini. Nilipogeuka, shemeji alikuwa ameshika usukani. Sikumwona akiingia, na nadhani hata yeye hakujiona. Alisukuma mlango mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mimi nikauvuta kwa nje.

Haukufunguka.

"Nilelee mwanangu," alisema, gari likianza kuondoka. "Na hata nikija kukuomba, shemeji, usiliguse."

Polisi walitafuta wakakata tamaa. Mganga alisikia nusu ya habari, akaniomba nitoke kwake.

Siku hizi linakuja kwetu kila magharibi. Linasimama mlangoni, kisha linakwenda zake. Shemeji alikuwa ananitazama tu, na macho yake yamekuwa mekundu.

Jana akashusha kioo.

"Shemeji... nakuomba."

Dada akaitambua sauti. Akatoka mbio, mkono ameunyoosha kwenye boneti. Nilimdaka kiunoni, tukaanguka sote wawili, na gari likaondoka taratibu huku mumewe analia ndani.

Leo nimemfungia dada chumbani. Anagonga mlango, ananiita muuaji. Mtoto naye analia. Sina nguvu hata ya kujibu, maana usiku kucha sikulala, na nampenda shemeji yangu kuliko anavyodhani dada.

Nasikia injini inakata kona.

Dada nimemzuia. Mimi nani atanizuia?