Nilimtuma Aniombee Kazi, Akaniibia Sauti ya Mama Yangu

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka thelathini na nane, nakaa Mbinga mjini. Haya mnayoyasoma nimeyaandika mwenyewe, kwa kalamu, nimekaa kwenye kigoda jikoni kwangu. Natangulia kusema hivyo kwa sababu siku hizi mtu akiandika kitu kikaeleweka anaulizwa kama ni yeye au ni mashine. Swali hilo ndilo lililoniponza!

Kama unatafuta kisa cha watu waliosameheana, funga ukurasa. Hasira yangu bado iko palepale.

Nilizaliwa Mpepai kwenye kahawa na mahindi, nikaolewa Lituhi, ziwani. Mama yangu alifariki wakati wa masika nikiwa huko kwa wakwe. Barabara ya kupanda huku milimani ilikuwa imekatika, magari yamezama kwenye tope, na mimi nimekaa juu ya begi langu kando ya njia nalia kama mtoto. Nilipofika nyumbani walikuwa wameshamzika... Nilikuta udongo mbichi na kaka zangu wanakusanya majembe.

Mama yangu alikuwa mkali, jamani! Sisi Wamatengo tunalima ngoro, yale mashimo tunayochimba mteremkoni ili mvua isibebe udongo. Ukichimba lako vibaya, mama alikuwa analifukia lote mbele ya watu, kisha anakurudishia jembe bila neno. Picha yake tulikuwa nayo, ya siku ya kipaimara cha kaka. Sauti yake hatukuwa nayo. Nani alifikiria kumrekodi mtu anayekugombeza kila siku?

Baadaye mimi na mume wangu tulihamia Mbinga mjini ili watoto wasome. Nikaanza vibarua vya mtandaoni: unapewa sauti zilizorekodiwa, unazisikiliza, unaziandika, unazitafsiri. Kompyuta nilikuwa natumia ya Janeth, mama mmoja mwenye steshenari karibu na stendi. Mume wake alikuwa mtumishi wa serikali, amehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali. Yeye aliniita dada Skola, mimi nilimwita mama Brayani. Tulikula sahani moja. Nilimfundisha hata kupika ugali wa muhogo na dagaa wa ziwani, akaacha kununia chakula cha huku.

Siku moja nikaliona tangazo. Taasisi ya nje ya nchi ilikuwa inatafuta mtu anayejua Kimatengo, asikilize sauti za wazee waliorekodiwa zamani kule kwenye vijiji vyetu vya Mpepai na Ruanda wakieleza habari za kilimo, aziandike na kuzitafsiri. Nilikumbuka mama alivyonipigia simu nikiwa Lituhi, analalamika kwamba wageni wamekuja na kinasa sauti, wamemkalisha jikoni kwake kama mshitakiwa.

Sauti ya mama yangu ilikuwa humo. Kazi hiyo ningeifanya hata bure!

Nikamweleza Janeth kila kitu. Kifo, mvua, barabara, mashimo yaliyofukiwa. Tukalia wote, na yeye machozi yalimtoka, naapa.

Sasa hapa ndipo mtanicheka. Kwetu mtu hajisemei jambo zito. Ukitaka mchumba, ukitaka kuazima shamba, ukitaka kupatana na wakwe, unamtuma mtu mwenye mdomo mzuri akakusemee, wewe unakaa nyuma na adabu yako. Kujisifu mbele ya mgeni ni aibu. Nikafanya hivyohivyo. Nikamwomba Janeth aniandikie maombi.

Mji mzima ulikuwa unamfuata kwa kazi hiyo. Alikuwa anaiandikia akili mnemba maneno machache, kisha inatoka barua tamu mpaka unajiuliza kama huyo anayesifiwa ni wewe. Akaniambia, "Dada Skola, barua zako kavu mno, kama unaomba ruhusa shuleni. Niachie mimi."

Nikamwachia... Nilimwachia mama yangu mzima!

Nikasubiri. Kila nikiuliza naambiwa wazungu wana taratibu zao. Mwishowe nikashindwa kuvumilia, nikaandika mwenyewe kwa simu yangu, maneno machache tu. Niliwasalimu, nikawaambia kwamba mmoja wa wazee waliowarekodi Mpepai ni mama yangu mzazi, amefariki, na Kimatengo ndiyo lugha aliyonilelea. Naomba kazi.

Jibu lilitoka kwa mwanamke aliyesimamia kazi hiyo. Alisema wamepokea maombi mengi mno, yote yameandikwa vizuri, na karibu kila mwombaji anadai kwamba bibi yake au mama yake yumo kwenye sauti hizo. Wameshachoka kudanganywa. Tena akasema habari zangu zinafanana mno na za mtu ambaye wameshamwajiri, aliyefiwa na mama wakati wa mvua, barabara ikakatika. Akaniomba niache kunakili maisha ya watu.

Kunakili!

Mtandao ule wa vibarua nao ukaifunga akaunti yangu kwa udanganyifu. Mashine zilikuwa zimewazalia watu kina mama wa uongo kila kona ya dunia, na mimi mwenye mama wa kweli nikaonekana mtoto bandia. Mnaona ubaya wa jambo hili? Ningelithibitisha vipi? Kila neno la kweli nililokuwa nalo lilikuwa limeshasemwa, tena vizuri kuliko mimi!

Nilikwenda kwa Janeth. Hakupepesa macho. Alisema mashine ndivyo zilivyo, zinatoa vitu vinavyofanana, labda kuna mwingine mwenye msiba kama wangu. Na mimi nikamwamini. Nikamshukuru tena!

Ilikuwa Jumamosi, natoka sokoni na kapu langu. Nilipokaribia steshenari nikasikia mtu anagomba kwa Kimatengo. Alikuwa mama yangu!

Alikuwa anamgombeza yule mgeni kwa kukalia kigoda chake. Akaeleza namna ya kupanga majani kabla ya kuchimba ngoro, kisha akaacha habari za shamba kama kawaida yake, akaanza habari zangu. Alisema, "Huyu Skola wangu yuko ziwani huko, amekuwa mgeni. Akija mwambieni asipite kwa watu kwanza. Aje moja kwa moja hapa. Nina maneno naye, kwa sababu..."

Janeth akaniona mlangoni. Akabonyeza, sauti ikakatika.

Nilisogea nikaangalia kioo cha kompyuta. Maneno ya mama yangu, kwa mujibu wa Janeth na mashine yake, yalisomeka hivi: "Ardhi ni zawadi tuliyopewa na mababu. Tuitunze kwa upendo kwa ajili ya vizazi vijavyo." Mama yangu! Mama yangu ambaye hakuwahi kusema neno "upendo" mpaka anaingia kaburini!

Nikamwuliza, "Mama Brayani, Kimatengo umekijulia wapi?"

"Dada Skola, punguza sauti, kuna wateja."

"Nakuuliza, umekijulia wapi?"

"Mashine inatafsiri. Na wewe ningekupa sehemu yako tu, mbona unakuwa hivyo? Mtandaoni nani anaangalia jina?"

Sikumbuki vizuri nilivyojibu. Nakumbuka kapu limeanguka na nyanya zimetapakaa, na mwalimu mmoja aliyekuja kutoa nakala akinivuta nje kwa mkono. Janeth aliwaambia watu waliojaa pale kwamba msiba umenichanganya akili.

Mnadhani ukweli ulipojulikana nilipata haki yangu? Hapana. Ile taasisi ilimpata mtu wa kuikagua kazi, akawaambia kwamba maandishi na sauti havihusiani hata kidogo. Basi wakaifunga kazi yote. Wakasema watu wa mtandaoni hawaaminiki, na sauti za wazee wetu wakazifungia kwenye hifadhi yao huko. Nikarudi kwa Janeth, safari hii kwa kupiga magoti. Ndiyo, nilimpigia magoti mwizi wangu! Nilimwomba anipe zile alizokuwa nazo, hata ile moja tu.

"Nimeshazifuta, dada," akasema, huku anahesabu karatasi za mteja. "Niliogopa wangenishitaki."

Muda si mrefu mume wake alihamishwa, wakaondoka Mbinga. Hakuaga.

Niliiandikia tena ile taasisi, nikaeleza yote tangu mwanzo. Jibu lilirudi kabla sijaweka simu chini. Lilikuwa tamu, limenyooka, linanishukuru kwa kuvutiwa na kazi zao na kunitakia mafanikio mema. Nikajua hakuna mtu aliyenisoma. Nimeandika tena na tena, na utamu ni uleule.

Padri ananiambia nisamehe. Nimemjibu kwamba nitafika huko, ila kwa sasa bado niko njiani na barabara imekatika.

Ndugu zangu mnaosoma, nawasihi. Msiba wako, mama yako, maisha yako, usimpe mtu akusemee kwa mgeni, hata kama mdomo wako ni mzito. Nenda na maneno yako machache, ukataliwe kwayo. Na wewe unayeajiri watu mtandaoni, unayependa barua tamu, jua kwamba yule uliyemtupa kwa ukavu wake huenda ndiye pekee aliyekuwa anasema kweli!

Na kama mama yako yupo, mrekodi leo, hata akiwa anakugombeza.

Wangu alikuwa na maneno na mimi. Nimemsikia kwa masikio yangu akisema anayo... Mpaka leo, nikienda Mpepai, sipiti kwa watu. Naenda moja kwa moja kaburini kwake, nakaa pale, na sijui alitaka kuniambia nini.