Mama Aliyezikwa kwenye Televisheni

Ndugu zangu wa Ujiji, na nyinyi wa Gungu na Mwanga mliopiga kura kwa simu hadi vocha zikaisha madukani, tulieni niwape kisa. Msinikasirikie mkijikuta humo ndani. Mimi mwenyewe nilipiga kura.

Nyumba ya Mwalimu Bonaventura, pale Ujiji, ilikuwa nyumba ya amani. Jioni, mkewe Eufrasia akikaanga samaki wa migebuka kwa mawese, mwalimu hukaa barazani na kinanda chake akiwafundisha wanakwaya sauti ya pili. Alikuwa Muha wa Kalinzi, mtu wa watu, na kasoro yake ilikuwa moja: alipenda mno kusifiwa. Miaka ishirini alikuwa amefundisha kwaya, na hakuna aliyemjua ng'ambo ya mto Malagarasi.

Mwaka 2015, Warundi walipokimbia machafuko kwao na kujazana pale Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa, msichana aitwaye Spesioza alipotezana na mama yake, Agnesi, katika msukumano wa kupanda meli. Mama alipelekwa kambini, upande wa Kasulu. Binti aliugua akabaki mjini, na Eufrasia akamchukua akamlea kama wake. Baadaye mama alipatikana, wakawa wanasalimiana kwa simu. Kilichobaki ni mtoto kumfuata mama yake. Lakini mwalimu alikuwa ameshamsikia akiimba, na kila mwezi alimwambia, "Subiri kidogo, mwanangu."

Mwaka uliofuata kampuni moja ya televisheni ikatangaza shindano la kuimba. Mshindi angepewa gari, angerekodiwa albamu, na angepata msimamizi wa kazi zake mwaka mzima. Sharti moja: awe raia.

Sasa, Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Mtu aliyezaliwa Moshi au Lindi atawatofautishaje? Mwalimu akajaza fomu kwa mkono wake: Wema Bonaventura, mzaliwa wa Kalinzi.

"Baba, mimi si Wema," msichana alisema.

"Ni jina la jukwaani tu. Ukishinda utamtoa mama yako kambini. Hutaki?"

Ungelijibuje swali hilo, wewe msomaji, na umri wa miaka kumi na tisa?

Kule Dar es Salaam walipokewa na mtayarishaji wa kipindi, kijana mchangamfu aitwaye Davis. "Sauti tunayo, mwalimu," alisema. "Hadithi je? Watazamaji hawapigi kura bila machozi. Mama yake yuko wapi?"

Mwalimu akapiga hesabu. Akisema yuko kambini, safari imeishia hapo. "Mama yake alifariki," akasema.

"Safi sana!" Davis akaandika.

Safi sana! Mtu anapewa habari ya msiba, anasema safi sana. Hapo ndipo mwalimu alipaswa kumshika mtoto mkono warudi kwao. Hakumshika. Usiku ule Spesioza alikataa, akalia, akasema kwao mzazi mzima haitwi marehemu, ni kumchimbia kaburi. Mwalimu alimwambia asimwaibishe mbele ya watu wa Kigoma nzima.

Basi tukamwona kwenye kioo, taa zote zikimmulika. "Naimba kwa ajili ya marehemu mama yangu." Machozi yakamtoka, nasi tukalia naye. Bi Mwanakheri, jirani wa mwalimu, alitoa televisheni yake uani ili mtaa mzima uone. Hatukujua kwamba mtoto alikuwa akililia maneno yake mwenyewe.

Kambini nako kulikuwa na kibanda cha televisheni. Majirani walimkimbilia Agnesi: njoo, mwanao yumo! Mama akaja mbio, akasimama mlangoni, akasikia akizikwa. Alirudi nyumbani kwake, akaizima simu.

Spesioza alishinda. Alikabidhiwa bango la ufunguo wa gari, kubwa kuliko yeye, akalala hotelini miezi miwili, akaimba kwenye sherehe za kampuni. Kisha msimu mpya ukaanza na nyuso mpya. Gari likawa linasubiri kibali. Studio ikawa wiki ijayo. Msimamizi wake akawa hapokei simu. Alipomfuata Davis ofisini, alijibiwa, "Tuletee kwanza cheti cha kuzaliwa cha Wema Bonaventura." Kitatoka wapi? Na mkataba ambao mwalimu alisaini kama baba, bila kufungua ukurasa wa pili, ulimkataza Wema huyohuyo kuimba popote kwa miaka mitatu bila ruhusa, hata harusini. Jina lile halikutosha kupokea gari, lakini lilitosha kumfunga mdomo.

Akarudi kwa treni. Hakupita Ujiji, alinyoosha moja kwa moja hadi kambini. Agnesi alimtazama toka juu hadi chini.

"Mwanangu anaitwa Spesioza," alisema. "Wewe ni Wema. Mama yako alikufa, nami maiti sipokei wageni."

Alipofika kwa mwalimu alikuwa amekonda. Kwenye mazoezi ya kwaya alikaa nyuma, midomo imefungwa. Wanakwaya walipouliza ana nini, mwalimu alisema malaria.

"Malaria gani, mume wangu?" Eufrasia alimwambia wakiwa wawili. "Malaria ya mtoto huyu ni wewe."

Kuanzia siku hiyo, kila mwalimu alipogusa kinanda alisikia neno lile, "alifariki", kwa sauti yake mwenyewe. Aliona haya kumtazama mtoto machoni, na aliona haya zaidi kwamba bado watu walimpongeza njiani. Siku ya tisa akapanda basi la Kasulu.

"Amahoro, mama," alibisha hodi, akimtakia amani kwa Kirundi.

"Ego, amahoro. Nani wewe?" Agnesi alikuwa akichambua maharage.

"Ni mimi niliyesema umekufa. Mtoto alikataa, nikamlazimisha. Nimekuja kuomba msamaha."

Mama hakuacha kuchambua. "Ulisema wapi?"

"Kwenye televisheni."

"Nchi nzima ikasikia?"

"Ndiyo, mama."

"Basi huwezi kunifufua hapa mlangoni, tukiwa wawili."

Mwalimu alirudi na maneno hayo kifuani. Akisema hadharani, kazi yake ya serikali iko hatarini, na jina lake limekwisha. Asiposema, mtoto hana mama. Siku tatu alizunguka nayo. Siku ya nne, mchana, alikwenda redio ya mjini, ile inayosikika hadi kambini, kwenye kipindi cha salamu. Alipopewa nafasi, hakusalimu mtu.

"Yule mliyemwita Wema jina lake ni Spesioza," alisema. "Ni mkimbizi, Mrundi, binti wa Agnesi. Mama yake ni mzima, hakufa. Mwongo ni mimi, Bonaventura, mwalimu wa kwaya."

Miezi minane kampuni haikupokea simu. Kesho yake asubuhi walipiga wenyewe. Ushindi umefutwa, na mkataba umekufa, kwa kuwa Wema hayupo. Gari hatukuwahi kuliona. Mwalimu aliondolewa kwenye kwaya, akaandikiwa barua na mwajiri, na sokoni wakampa jina la Mzika Wazima. Hakulalamika.

Eufrasia alimpeleka Spesioza kambini. Mwalimu aliwafuata, akabaki barabarani, maana hakuwa amealikwa. Agnesi alikuwa amesimama mlangoni.

"Unaitwa nani?"

"Spesioza, mama."

"Wa nani?"

"Wa Agnesi."

"Ingia, mwana wanje," akasema, yaani mwanangu.

Baada ya kitambo wimbo ukasikika hadi barabarani, wa Kirundi, ambao mwalimu hakumfundisha. Alisimama akausikiliza hadi mwisho, kofia mkononi, kisha akaenda kungoja basi peke yake.

FUNZO

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mlezi, kipaji cha mtoto si ngazi yako ya kupandia, na usisaini mkataba kwa kuwa tu karatasi inang'aa. Nyinyi wenye mashindano, mtoto si taulo la kufutia jasho la kipindi, mkimaliza mkalitupa. Mliyoahidi mbele ya taa, yatimizeni taa zikizimwa.

Nasi tuliopiga kura hatujatoka safi. Tulimlilia mama asiyekufa, na mtoto aliporudi kwa treni hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda stesheni kumpokea.