Kilo za Kuazima

Askari wa hema la kutolea damu alichukua kiti cha plastiki akakiweka nyuma ya Nakhumicha. "Wewe ndio wa mwisho, mama. Mtu akikuja, mwambie tumefunga." Ndiyo maana Nakhumicha alishangaa aliposikia kiti kile kikilia, kama kinavyolia kikikaliwa na mtu mnene.

Hakugeuka. Alikuwa na yake ya kufikiria. Mumewe, Were, alikuwa ameanguka kutoka kwenye jengo walilokuwa wakijenga Kileleshwa, akavunjika nyonga, na daktari alikuwa amesema hawezi kupasuliwa kabla jamaa zake hawajatoa damu. Ndugu zake walikuwa Busia. Rafiki zake wa mjengo walikuwa wameahidi kuja, kisha wakazima simu. Akabaki mkewe.

Mlangoni mwa hema msichana wa koti jeupe alikuwa akichuja watu kwa sauti ya kuchoka. "Kilo hamsini kwenda juu. Uwe umekula na umekunywa maji. Uko na mimba, nenda nyumbani. Unanyonyesha, nenda nyumbani. Na usinidanganye, ukianguka hapa ni mimi nitakuokota."

Kula, Nakhumicha alikuwa amekula. Alijishindilia uji na viazi vitamu asubuhi hiyo mpaka akahisi kutapika. Kilo ndizo hakuwa nazo. Tena maziwa yalikuwa yameanza kumvuja chini ya sweta, maana Peres, binti yake aliyekuwa bado hajaota meno, alikuwa ameachwa kwa jirani yao Wanjira kule Woodley tangu asubuhi.

"Umekonda, dadangu," sauti ya kike ikasema kutoka kwenye kiti. "Hiyo mizani itakucheka."

"Wacha icheke. Nitafanya nini?"

"Si nikuongeze?"

Nakhumicha akacheka kwa aibu, kama mtu anavyocheka na mgeni kwenye foleni. "Niongeze tu, mama. Hata mgongoni ukitaka kupanda, panda."

Ndipo ikamjia harufu, harufu ya sarafu zilizofumbatwa muda mrefu kwenye kiganja chenye jasho. Aligeuka. Kiti kilikuwa kitupu. Alipopiga hatua kuelekea hemani, viatu vyake vilizama kwenye nyasi kama nyasi za baada ya mvua, na mvua haikuwa imenyesha wiki hiyo.

Mshale wa mizani ulipanda, ukapita hamsini, ukazidi kupanda. Yule msichana, ambaye beji yake ilisema Jackie, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Ai! Mwili wote huu umeuficha wapi? Nilikuwa tayari kukufukuza." Akacheka. "Unanyonyesha?"

"Hapana," Nakhumicha alisema, akafumbata mikono kifuani.

"Uko na mtoto mdogo?"

"Sina mtoto."

Jackie akamdunga kidole, akadondosha tone moja la damu kwenye chupa ya maji ya buluu. "Ikizama uko sawa. Ikielea, urudi nyumbani ukule mboga." Tone lilizama mpaka chini. Jackie alikuwa ameshageuka kutafuta mfuko, kwa hiyo hakuliona likijikunjua tena na kuanza kuzunguka ndani ya chupa, polepole, likigusa kioo huku na kule kama kitu kinachotafuta mlango. Nakhumicha aliliona. Akamnyooshea Jackie mkono, maana alitaka mfuko ujae.

Ulijaa upesi mno. "Kunywa soda yote," Jackie alimwambia akimfunga bandeji. "Na leo usibebe kitu kizito."

Nyuma ya sikio la Nakhumicha mtu alicheka.

Alipofika Woodley alimchukua Peres, akainama amfunge kwa leso mgongoni kama siku zote. Mtoto akateleza. Akainama tena, Peres akateleza tena akilia kwa kukauka sauti, na Nakhumicha akahisi wazi kwamba vile vimiguu vidogo havikuwa vikigusa mgongo wake, vilikuwa vikigusa kitu kingine kilichokuwa kati yake na mwanawe, kitu baridi na kipana kilichokaa pale kama mwenye nyumba.

Tangu hapo Peres hakukubali kubebwa mgongoni. Kwenye ziwa alinyonya kidogo, kisha akainua macho juu ya bega la mama yake na kuyazungusha taratibu, kama mtoto anavyofuata uso wa mtu anayemchezea, ila hakutabasamu. Na maziwa yakapungua, na mashavu ya mtoto yakabonyea, na Nakhumicha akawa anapanda ngazi za maghorofa alimofulia watu nguo akihema kama mzee, akishika ukuta, huku pumzi ya mtu mwingine ikimpiga shingoni na ile harufu ya sarafu ikibaki kwenye shuka za watu alizozianika.

"Huyu mtoto anaona nini nyuma yako?" Wanjira alinong'ona.

"Usiulize kwa sauti. Anasikia."

Wanjira akampeleka Kawangware, kwa mwanamke aliyeitwa Mukonyo ambaye alijulikana kwa kutoa majini. Mukonyo alikuwa akinyonyoa kuku. Hakuwakaribisha kiti.

"Ulimwambia apande?"

"Nilikuwa natania, mama."

"Yeye hatanii. Na ni nini kingine ulisema?"

Nakhumicha akaanza kulia. "Nilisema sina mtoto."

"Si umeona!" Mukonyo akatupa manyoya kwenye karai. "Umemkana mtoto na huyo jini amekukalia mabegani anasikiza. Sasa anajua kuna mtoto hana mama. Skiza, kichwa ngumu. Nenda mtoni, simama kando ya maji, umwambie ashuke. Atakuuliza ashukie wapi. Mtajie mahali. Jiwe, mti, choo, mahali popote penye jina. Usimwachie achague."

Lakini siku hiyo ndiyo Were alikuwa ametolewa kwenye upasuaji, na saa ya kuona wagonjwa ilikuwa ya mchana. Nakhumicha akasema moyoni, nimwone kidogo tu, kisha niende mtoni.

Were alikuwa amelala chali, midomo imemkauka. Alimwona mkewe amempakata Peres kifuani, akatabasamu. "Mama Peres. Wamesema nitatembea."

Nakhumicha alitaka kumjibu, na hapo hapo mzigo ukasogea mgongoni, ukainama mbele, na mkono mrefu wa kijivu ukapita juu ya bega lake, vidole vikateremka polepole kifuani mpaka kwa Peres, vikaanza kupapasa utosi wa mtoto, pale palipo laini, pale panapodunda, vikibonyeza kidogo, vikiachia, vikibonyeza tena.

"Nimechoka kupanda," sauti ikasema. "Nishukie wapi?"

Alitafuta neno. Jiwe, mti, alikuwa nayo njia nzima, na sasa yote yalikuwa yametoweka, na kidole kilikuwa kinazama.

"Popote!" akapiga kelele. "Shuka popote, usimguse mtoto!"

Wagonjwa wote wakageuka. Mgongo wa Nakhumicha ukanyooka. Alijihisi mwepesi hata akapepesuka.

Godoro la Were likabonyea upande huu na upande ule wa mbavu zake. Akatazama juu, wala hakumtazama mkewe.

"Huyu mama ni nani?" alisema kwa shida. "Mama Peres, mwambie ashuke. Ananikalia kifua."

Wauguzi wakaja mbio, wakavuta pazia, wakamsukuma Nakhumicha nje. Kwenye korido, bila hata kujua anachofanya, aliinama akamweka Peres mgongoni na kufunga leso. Mtoto hakuteleza. Aliegemeza shavu, akapiga mwayo, akalala.

Ndani Were aliendelea kumwita mkewe kwa jina, kila mara kwa pumzi fupi zaidi. Nakhumicha alisimama mlangoni akimsikia, mkono ukiwa kwenye kitasa, na hakufungua, kwa kuogopa kwamba akiingia, yule mama atamwuliza tena ashukie wapi.