Onyo la Arobaini na Moja

Jumatatu, saa tatu na dakika saba asubuhi, mlango wa chuma wa chumba cha chini ulikataa kufunguka, na watu wanne waliokuwa ndani wakatambua kwamba programu iliyowafungia walikuwa wameiandika wenyewe.

Chumba kilikuwa na meza tatu, kompyuta nne na simu moja ya mezani. Dirisha hakikuwa nalo. Kampuni ilitengeneza programu za kuendeshea kufuli za umeme, na ilikuwa na desturi ambayo wageni waliisifu na wafanyakazi waliivumilia: kila toleo jipya lilijaribiwa kwanza kwenye mlango huu, walioliunda wakiwa ndani. Ufunguo wa kawaida ulikuwa umeondolewa mwaka juzi, kwa hoja kwamba kuwa nao kulionyesha kutoiamini bidhaa.

Mjaribu wa programu alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Thibitisha, kwa sababu hakuwahi kukubali jambo kwa kuambiwa. Alipitisha kadi yake mara ya tatu. Taa ya kijani ikametameta na kuzimika. Ndani ya kitasa kukasikika "tik". Mlango haukusogea.

"Mmesikia?"

"Kusikia nini? Mlango umekufa huo," alisema Fagio, mtunza mashine, aliyepewa jina hilo kwa kazi yake ya kila Ijumaa ya kufuta mafaili yaliyopitwa na wakati.

"Kilichokufa hakilii," alijibu Mama Thibitisha.

Nyuma yao mtu alikohoa. Alikuwa Mzee Nukta, mwandishi wa programu wa kwanza kuajiriwa hapo, na kila mtu alijua kifua chake kilikuwa na pumu.

"Babu, pampu yako?" aliuliza Sasisho, binti aliyefundishwa kazi na mzee huyo na ambaye hakuweza kuona kitu cha zamani bila kutaka kukiwekea toleo jipya.

"Juu. Mezani kwangu."

Feni ya kuingiza hewa ilikuwa imeharibika tangu mwezi uliopita, na mara ya mwisho Mzee Nukta alipokosa pampu yake, saa moja ilitosha kumfikisha hospitali.

Mama Thibitisha alimpigia meneja na kuweka simu kwenye spika. Mafundi wa kukata chuma, meneja alisema, wangefika saa sita.

"Saa sita tutakuwa watatu," alisema Mama Thibitisha.

"Sasa mnataka nipite ukutani? Wiki iliyopita kila kitu kilikuwa kizima! Nani alibadilisha zana za kuundia programu Ijumaa?"

"Mimi, bosi," alisema Sasisho.

"Basi ukitoka humo, pitia mkoba wako na usirudi. Na rudisheni zana za zamani, sasa hivi!"

"Haiwezekani. Mradi wa programu ukishafunguliwa kwa zana mpya unageuzwa muundo. Za zamani haziutambui tena. Nakala ya kabla ya kugeuzwa ipo salama kabisa." Sauti yake ilififia. "Ipo kwenye diski. Kabatini. Juu."

Chumba hicho, kwa ajili ya usalama, hakikuunganishwa na mtandao wowote. Zana za zamani zisingeweza kuufungua mradi. Zana mpya zilikuwa zimeufungua na kutoa programu isiyofungua mlango. Mama Thibitisha alitazama saa yake, ikiwa ni saa tatu na dakika kumi na tisa, akafungua daftari.

"Sasisho. Ijumaa, hatua kwa hatua."

"Nilimaliza kuweka zana mpya saa tisa na nusu mchana. Saa kumi kamili nikaunda programu kuona kama inakubali. Ikakubali."

"Makosa?"

"Sifuri."

"Maonyo?"

"Arobaini. Lakini onyo si kosa, Mama. Nani anasoma maonyo?"

"Mlango huu pia hauna kosa lolote. Na leo asubuhi, ulipounda tena?"

Binti alivuta kiti hadi kwenye kompyuta, akahesabu. Akahesabu tena. "Arobaini na moja."

"Tusomee huyo mgeni."

"'Maktaba ya saa, toleo la nne, haikupatikana. Toleo la saba limetumika badala yake.'" Aligeuka. "Hapana. La saba limekuja na zana mpya, sawa. Lakini la nne nililiacha palepale, makusudi!"

Maktaba, kwa watu wa kazi ile, ni fungu la kazi lililokwisha kuandikwa, ambalo programu nyingine huliazima badala ya kuanza upya. Programu ya mlango iliazima maktaba ya saa ili ijue kitasa kibaki wazi kwa muda gani. Rekodi ya mashine ilionyesha kwamba toleo la nne lilifutwa Ijumaa, saa kumi na dakika ishirini jioni, kwa akaunti ambayo wote wanne waliitumia.

Macho yalimwelekea Fagio.

"Msinitazame hivyo! Mimi nafagia saa kumi na mbili, na nikifagia nafagia ua mzima, siokoti unyasi mmoja. Hiyo saa kumi na dakika ishirini nilikuwa kwa bosi naomba feni ya chumba hiki."

"Ni kweli," ilisema spika. "Nilimkatalia."

Mzee Nukta alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kola imefunguliwa. Kifua chake kilipiga filimbi nyembamba kila alipovuta pumzi. Sasisho alimpepea kwa kifuniko cha kasha la karatasi.

"La saba lina tofauti gani na la nne?" aliuliza Mama Thibitisha.

"Sijui," alisema Sasisho. "Maelezo yapo mtandaoni. Sehemu ya saa aliiandika Babu."

"Mzee?"

Mzee Nukta alitikisa kichwa. "Sijalisoma."

Ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na nane. Mama Thibitisha alifunga daftari na kuchuchumaa mbele yake.

"Mzee, miaka tisa tumekaa humu pamoja kila siku ya jaribio. Sijakuona hata mara moja umeingia bila pampu kwenye mfuko wa shati. Siku ile ya mafuriko ulikuja bila viatu, na pampu ukawa nayo."

"Nilisahau."

"Mtu husahau mwavuli. Wewe uliiacha kwa sababu hukuihitaji. Ulijua leo hakutakuwa na jaribio."

Mzee Nukta alipapasa mfuko wa shati uliokuwa mtupu.

"Zana za zamani zikikosa maktaba husimama," aliendelea, kwa sauti ileile ya kusoma ripoti. "Haziundi kitu. Aliyefuta toleo la nne alitegemea hivyo: programu igome kuundwa, sote tupande juu, bosi aseme zana mpya hazifai. Hakujua kwamba hizi mpya huchukua lililo karibu na kuacha onyo. Sasisho asingetegemea hivyo, anazijua. Fagio alikuwa akiomba feni. Mimi sijui kufuta kitu bila kukiandikia ripoti kwanza."

"Babu?" alisema Sasisho. Kifuniko kilikuwa kimesimama hewani.

"Aliniambia..." Mzee alinyoosha kidole kuelekea simu. "Mwisho wa mwezi... wajuzi wa zana za zamani... hawahitajiki. Miaka ishirini na miwili, Mama."

"Na programu ilipokubali kuundwa asubuhi hii, mlango ukiwa bado wazi? Ungeweza kutoka."

"Ningesema natoka kwa nini?"

"Ukamwacha huyu afukuzwe mbele ya macho yako. Ukakaa kimya na pumzi inakuishia. Mficha maradhi—"

"Kifo humuumbua. Methali... naijua." Alifumba macho. "Mwanangu. Kwenye mlango tumeandika tano. La nne... linahesabu sekunde."

"Na la saba?"

"Nilidanganya... nimelisoma. Sehemu ya elfu... ya sekunde."

Sasisho alikuwa amekwisha kugeukia kompyuta. Mama Thibitisha alitazama kitasa. Mlango haukuwa umewakatalia hata mara moja. Kila kadi ilipopita ulifunguka, kama ulivyoagizwa, kwa muda mfupi kuliko kope kupepesa, ukajifunga. Ile "tik" ilikuwa ukweli mtupu, na waliisikia tangu mwanzo.

"Mzee," ilianza spika, "ukitoka tu humo, mimi na wewe—"

"Kwanza atoke," alisema Mama Thibitisha, akakata simu.

Sasisho hakumtazama aliyemfundisha. Alifuta ile tano, akaandika tarakimu moja baada ya nyingine kwa kidole kimoja.

"Elfu tano zinatosha," alisema Fagio. "Sekunde tano."

"Nimeweka elfu sitini. Hatembei haraka."

Programu iliundwa bila kosa, kwa maonyo arobaini na moja. Saa tatu na dakika hamsini na moja ilitumwa kwenye mlango. Sasisho alipitisha kadi, taa ikawaka kijani na kubaki hivyo, na hewa ya ngazi ikaingia. Alikuwa ameshafika juu kabla Fagio hajamshika mzee kwapani. Aliporudi, pampu mkononi, walikuwa kwenye ngazi ya tatu. Alimwekea mdomoni mwenyewe, akamshika kisogo.

Mama Thibitisha alibaki kizingitini akihesabu sekunde. Hakuwa na shaka na ile sitini. Hata hivyo alivuta kiti, akakiweka katikati ya mlango.