Ijumaa Tatu za Gervasi

Uvumi ulifika sokoni Bashay, ukaingia masikioni mwa Scolastica, ukakataa kutoka. Huko Hanang, watu walisema, kwenye mashamba ya ngano, Ijumaa na Jumamosi hakuna kazi tena. Siku nne tu, mshahara uleule.

Akimenya viazi aliuwaza. Akikamua aliuwaza. Mwanawe Gervasi alikuwa huko, kwenye shamba la tajiri mmoja. Miaka mitatu alikuwa kibarua, sasa ndiyo kwanza ameandikwa kazi ya kudumu. Lakini vumbi la ngano lilimkaa kifuani. Alikohoa kama mzee.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Vyama viliota kama uyoga. Kimoja, Chama cha Nafuu, kilikuwa na gari moja na kipaza sauti kimoja. Mwenezi wake, Maximilian, akaja Bashay.

"Ng'ombe wa kulima anafanya kazi siku ngapi kwa wiki?"

"Tatu!" watu walijibu.

"Nyinyi je? Sita! Mmezidiwa na ng'ombe! Sisi tunasema siku nne. Mnakubali?"

"Tunakubali!"

Mzee Gidahosh, mfugaji aliyekuja kuuza ndama, akacheka. "Kijana, ng'ombe wangu hawajui Ijumaa. Utawakamua wewe?"

Scolastica hakucheka. Huku kwetu wazee wakikaa wakasema kesho jembe halishikwi, basi halishikwi. Anayelishika anatozwa faini. Neno likikubaliwa mbele ya watu, limepita. Naye alisikia "tunakubali" kwa masikio yake.

Jumapili Gervasi alikuja nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ijumaa usiende kazini. Pumzisha kifua."

"Mama, msimamizi hajatangaza."

"Atangaze la kumuumiza mwenyewe? Nimesikia mimi, mama yako. Umekuwa mkaidi tangu lini?"

Gervasi akatii. Ijumaa tatu alilala kwenye kambi ya wafanyakazi, na wenzake sita walioamini neno lile. Barua za onyo zilikuja mara mbili. Wakasema, tajiri anaogopa uchaguzi. Barua ya tatu ilikuwa ya kuwafukuza.

Gervasi alipoileta nyumbani, Scolastica akaibeba barua ile mbio kwa jirani yake Natalia, aliyewahi kuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi.

"Natalia, wamemwonea mwanangu! Sheria imepita!"

"Imepita wapi?"

"Pale uwanjani. Tulikubali wote."

Natalia alisoma barua hadi mwisho. "Dada, pale mliahidiwa tu. Sheria hutungwa bungeni, na chama kile hakina mbunge hata mmoja."

"Basi Maximilian ni mwongo!"

"Yeye alisema wanataka siku nne. Hakusema imepita. Hilo mmelimalizia wenyewe."

Scolastica akakaa chini. "Nimelimalizia mimi."

"Kudai pumziko si kosa," Natalia akasema. "Lakini mgonjwa huenda hospitali, akapewa karatasi ya daktari, akaipeleka kazini. Na saa zikizidi, watu hudai pamoja, kwa maandishi, kupitia tawi lao. Na wakati wakidai, kazini wanaendelea kwenda."

Natalia akaenda na Gervasi na wenzake hadi shambani. Wafanyakazi waliobaki wakaandika barua, tawi likaipeleka. Mavuno yaliyofuata, Jumamosi kazi iliisha saa sita mchana, na wa kwenye kombaini, mashine ya kuvunia, wakapewa vitambaa vya kuziba pua. Kati ya wale saba, wanne walirudishwa, kama vibarua. Gervasi hakuwamo. Kifua chake kibovu, walisema wasimamizi.

Chama cha Nafuu kilipata kura za kuhesabu kwa vidole. Gari likaondoka. Sasa Gervasi anafyatua matofali ya watu, siku saba kwa wiki. Salamu ya mama yake huiitikia. Zaidi ya hapo, hazungumzi naye.

Wewe mwenye mtoto kazini, shika haya:

Usiache kazi kwa neno la mkutanoni.

Usidhani ahadi ya chama ni sheria, hata watu wote wakipiga makofi.

Usidharau barua ya onyo. Siku hiyohiyo mpelekee mtu wa tawi aisome.

Usipumzike kwa ugonjwa bila karatasi ya daktari.

Usimwamulie mtoto mkubwa jambo ambalo hujaliuliza kwa anayejua.