Vifungo Saba vya Gauni la Mama

"Uliandika mimi ni muuguzi?"

Mwinjilisti alisimama mlangoni mwa chumba cha maiti, leso puani. Mchumba wake, ambaye hospitali nzima ya misheni ilimwita Mwoshaji, alikuwa akikamua kitambaa. Aliuliza bila kugeuka.

"Nani kakuambia?"

"Katibu wa kanisa. Kanipa hongera: 'Kumbe dada umesomea uuguzi!' Nikabaki mdomo wazi kama mtungi."

"Ni fomu tu, mpenzi. Kamati inatuma mtu na mkewe kwenye kituo kipya. Ningeandika mke wangu anaosha maiti, si wangenitupa nje?"

"Miaka sita naosha wafu humu. Naanza kwa sala, namaliza kwa sala. Aliyekuita wewe mimbarini ndiye aliyeniita mimi hapa."

"Usilinganishe! Mimi naokoa roho. Wewe..." Akameza mate. "Mikono hiyo hiyo ndiyo imwandalie askofu chai?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Mwoshaji akavua glavu, akavua na pete, akaiweka dirishani kando ya sabuni.

"Haya, nenda katafute muuguzi wako."

Jioni ile simu ikalia. Alikuwa mama yake Mwinjilisti, bibi asiyemaliza salamu bila fumbo.

"Mkwe wangu, kitendawili!"

"Mama, leo moyo sina."

"Moyo sijakuuliza. Kitendawili!"

"Tega."

"Nina watumishi kumi, mnene wao hawezi kufunga kifungo peke yake."

Mwoshaji akawaza, akashindwa. "Sijui, mama."

"Basi nipe mji."

"Chukua wowote."

"Aa, mji wa simu siutaki. Nitaufuata mwenyewe, na jibu nikuletee." Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi kirefu.

Siku ya nane ukaja ujumbe wa Mwinjilisti: "Mama ametutoka. Ni ile homa ya kuambukiza. Ndugu wote wamekimbia, hakuna wa kumgusa. Najua sistahili kukuomba."

Mwoshaji akaketi chini, akalia mpaka kamasi. Kisha akajibu: "Mlete. Na lile gauni lake la vifungo."

Bibi akaja kama alivyoahidi, ila kwa machela.

Mwoshaji akafunga aproni, akavaa barakoa na glavu mbili mbili. "Mama, nakugeuza kushoto. Samahani, maji ya baridi kidogo." Alimwosha nyuma ya masikio. Alimwosha katikati ya vidole vya miguu. Mwinjilisti alitazama kutoka mlangoni, machozi yakimchuruzika, na leso mara hii hakuitoa.

"Naweza kuingia?"

"Vaa kwanza. Kisha mfunge vifungo. Ni mama yako."

Vilikuwa saba. Mikono iliyoshika Kitabu mbele ya umati ikaanza na cha juu. Dole gumba likasukuma kifungo, kikateleza. Likasukuma tena, kikateleza.

Mwoshaji akapitisha kidole chake upande wa pili wa tundu, akakipokea. Kikaingia. Cha pili hivyo hivyo. Kwenye cha tatu akasimama ghafla.

"Vidole! Mama, ni vidole!"

"Una nini?"

Akamweleza kitendawili cha mama. Mwinjilisti akalitazama dole gumba lake.

"Na yule mnene ni mimi," akasema.

Wakamalizia vitano vilivyobaki.

Makaburini waombolezaji walisimama mbali. Mwinjilisti hakufungua Kitabu.

"Niliidanganya kamati. Mchumba wangu si muuguzi, ni mwosha maiti, na niliona haya kuandika. Mama yangu ninyi nyote mlimwogopa, nami nikiwemo. Yeye alimgusa."

Katibu akainamisha kichwa. Siku mbili baadaye barua ikafika: jina limefutwa, anatumwa mwingine.

Asubuhi iliyofuata Mwinjilisti akatokea chumba cha maiti, mikono ya shati imekunjwa.

"Naacha kuhubiri. Nifundishe kuosha."

"Toka nje."

"Hujanisamehe?"

"Nilikusamehe kwenye kifungo cha tatu. Toka, nakwambia! Pale kwenye benchi kuna mzee kafiwa na mkewe, tangu alfajiri anazungumza na ukuta. Huyu mkewe nitamtengeneza mimi. Yule mimi simwezi, ulimi wangu mzito kama jiwe la kusagia. Ulimi umepewa wewe. Ukiuacha, yule mzee umwachie nani?"

Mwinjilisti akashusha mikono ya shati, akatoka.

Kupitia dirishani Mwoshaji alimwona anaketi sakafuni, miguuni pa mzee. Hakuhubiri. Alisikiliza tu, na baada ya muda mzee akaugeuzia ukuta mgongo.

Pete bado ilikuwa kando ya sabuni. Mwoshaji akaisuuza, akaivaa, akavuta glavu juu yake. Kisha akainama kwa yule marehemu.

"Samahani, mama," akasema. "Nakugeuza kushoto."