Mstari Ambao Sijasomewa

Kabla sijaanza, niungame. Padri alishanisikia, na Mungu alikuwa akiniona tangu mwanzo, lakini jambo lenyewe bado halijanitoka kifuani. Mwezi wa tatu mwaka wa tisini na nane, Ruphin alipiga simu kutoka Bujumbura, kwenye kibanda cha simu nilichokuwa nafanyia kazi hapa Durban. Alisema dada yake Marcelline amekufa kwa homa, na wamekwisha kumzika. Nimwambie mume wake, Gustave, rafiki yangu.

Sikumwambia.

Gustave alikuwa ndiyo kwanza amepaka rangi chumba chake katika mtaa wa Cato Manor, ili mke akija akute kunang'aa. Ningeanzia wapi? Kila Jumamosi alipita kibandani. "Iko habari?" Nami namjibu, "Laini ilikatika, ndugu yangu." Miezi minne.

Sasa sikia yaliyompata.

Gustave alikuwa fundi wa kompyuta. Jioni moja ya mwezi wa saba, giza la baridi likianza kushuka, alipanda taxi mpaka Isipingo, kwa mzee mmoja Mhindi, Perumal, mwalimu mstaafu. Mzee alitaka kompyuta yake iandike Kitamili. Baba yake alimwachia daftari la nyimbo za ibada, na mende walikuwa wanalimaliza.

Disketi nne za programu. Gustave akaziingiza moja moja, akazima, akawasha. Kwenye kioo ikatoka miraba mitupu badala ya herufi. Mzee akacheka.

"Baba yangu hakuandika madirisha, kijana."

"Eish, mzee, subiri. Herufi hazijaingia zote."

Akarudia disketi ya tatu. Programu yenyewe ilikuwa hivi: unagonga kibodi ya kawaida, na sauti ileile inatokea kwenye kioo kwa herufi za Kitamili. Gustave hakujua hata moja. Lakini alikuwa na desturi yake. Kila kompyuta aliyoitengeneza, iwe ya ofisi au ya shule, aliijaribu kwa maneno yaleyale, kisha akayafuta.

Marcelline, uko wapi?

Akagonga. Herufi za mviringo zikajipanga.

"Nisomee, mzee. Nijue kama inafanya kazi."

Perumal akasoma maneno asiyoyajua. "Mar...se...lin... uko... wapi." Gustave akatabasamu. Akapeleka kidole afute.

Hakuwahi.

Alama ile inayopepesa kwenye kioo ilisogea yenyewe. Herufi moja... ya pili... ya tatu... Gustave akainua mikono yote miwili juu. Kibodi imetulia. Herufi zinakuja.

Chumba kikanuka mawese. Mawese ya moto, na moshi wa kuni, kama jikoni kwa Marcelline. Katika nyumba ya mzee anayepikia umeme.

"Ni wewe?" mzee akanong'ona.

"Si mimi."

Printa ikaanza kukoroma. Krrr... krrr... Hakuna aliyeigusa. Ikatoa karatasi yenye mstari mmoja, ikanyamaza.

"Nisomee."

"Hiki si Kitamili, kijana. Hakina maana."

"Soma vilevile. Baba, nakuomba."

Mzee akavaa miwani. Akasoma kama mtoto wa darasa la kwanza, bila kujua amebeba nini mdomoni.

"Gus...tav. Usi...ni...ngojee. Mi... nili...kufa. Uliza... ule... wa simu."

Gustave alinikuta nafunga kibanda. Akaniwekea karatasi mezani, akanieleza yote niliyokueleza. Hakupaza sauti.

"Ulijua?"

Nikainamisha kichwa.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu."

Afadhali angenipiga. Alisema tu, "Kila siku nilikuwa namwombea safari njema. Mutu yuko kwa kaburi, mi naomba safari njema." Akatoka. Wiki ile akahama Cato Manor, na hakuna aliyeniambia alikoelekea. Chumba nilikwenda kukiona. Rangi bado ilikuwa inang'aa.

Fundi mwingine aliniambia kompyuta hushikwa na wazimu, hasa programu ikiingia vibaya. Huenda. Lakini wazimu gani unalijua jina la Gustave? Na nani aliuambia habari zangu?

Karatasi aliiacha. Nikaikunja, nikaiweka ndani ya Biblia. Jioni ile ilikuwa na mstari mmoja, naapa.

Asubuhi ilikuwa na miwili.

Durban imejaa watu wanaosoma herufi hizi. Nimepishana nao kila siku, na sijathubutu. Labda Marcelline ananisamehe. Labda ananiita. Karatasi bado inanuka mawese.

Kama unazijua herufi hizi, shika. Nisomee mstari wa pili. Soma polepole, usiruke hata neno moja.